UZI: Maumivu ya kiwiko kwa wanaorusha (mkuki, besiboli, handiboli), ultrasaundi inaona nini na kwa nini udai vipimwe viwiko vyote viwili

Mpimaji wa Pwani (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu.

Kule kwenye uzi wa riadha watu wamenifuata inboksi wanauliza habari ya kiwiko kwa warusha mkuki, na kuna mzazi yupo Texas mwanae anacheza besiboli kaambiwa mtoto apigwe ultrasaundi ya kiwiko akashangaa maana yeye ultrasaundi anaijua ya wajawazito tu. Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja nifungue uzi kabisa. Kazi yangu ndo hii, napima ultrasaundi za misuli na viungo huku Marekani, mimi sio daktari, ripoti anasaini daktari wa radiolojia, ila picha nazipiga mimi na mgonjwa nakaa naye mimi.

Tuanze na kiungo chenyewe. Nyoosha mkono kiganja kikitazama juu, halafu papasa upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusa mbavu. Kuna kinundu cha mfupa kimejitokeza. Pale inaanzia ligamenti (mkanda unaofunga mfupa na mfupa) fupi, nene, inashuka kwenda kujishika kwenye ulna, yaani mfupa wa mkono wa chini ulio upande wa kidole kidogo, chini kidogo tu ya kiungo. Wataalamu wanaiita UCL (ulnar collateral ligament). Ina vipande vitatu lakini kwa mrushaji kinachobeba mzigo ni kile cha mbele, hivyo vingine tuviache. Kazi yake ni kuzuia kiwiko kisifunguke kwa ndani pale mkono unapokuwa umepinduliwa nyuma kabisa na mwili umeshaanza kwenda mbele, yaani ile nukta ambayo mkuki bado uko nyuma ya kichwa na kifua kimeshatangulia.

Sasa mzigo wenyewe. Mwaka 1995 Glenn Fleisig na wenzake walipima warushaji wa besiboli maabara wakakuta kiwiko kinapindwa kwa nguvu ya kama nyutoni-mita 64 kwa mpira mmoja. Ligamenti hiyo hiyo ikitolewa kwenye maiti ikavutwa peke yake inakatika ikifika karibu nusu ya hapo, 32 hivi, 34. Kwa hiyo kila mpira unaorushwa kwa nguvu zote, ligamenti ingekuwa peke yake ingeshakatika siku nyingi. Kinachoiokoa ni misuli ya mkono wa chini, ile inayoanzia kwenye kinundu hicho hicho, inakaza na kufunga kiungo, pamoja na mifupa yenyewe ilivyopachikana. Misuli ikichoka mzigo unahamia kwenye ligamenti. Hilo likae kichwani, ndo chanzo cha karibu yote nitakayosema.

Watu wanadhani ni ugonjwa wa besiboli. Hapana, walioandikwa mwanzo ni warusha mkuki, daktari mmoja wa Finland anaitwa Waris aliandika habari zao mwaka 1946. Besiboli ndo ikaupa umaarufu, 1974 pale mrushaji wa Los Angeles Dodgers, Tommy John, alipokatika ligamenti na daktari Frank Jobe akamchukulia kano kwenye kifundo cha mkono mwingine akaipachika kwenye kiwiko kupitia matundu aliyotoboa kwenye mfupa. Jamaa akarudi uwanjani 1976 na akarusha mpaka 1989, akashinda mechi 164 baada ya upasuaji. Mpaka leo upasuaji unaitwa kwa jina lake, la mgonjwa, sio la daktari.

Ultrasaundi inaingiaje hapo? Eksirei inaona mfupa, ligamenti haioni. MRI (picha za sumaku) inaiona vizuri sana lakini mgonjwa amelala tuli, kiwiko kimepumzika. Na ligamenti ya mrushaji kosa lake linajitokeza pale inapovutwa. Ultrasaundi ndo kipimo pekee kati ya hivi unachoweza kuangalia ligamenti HUKU mtu anaivuta. Unaona kiungo kinafunguka kwenye skrini papo hapo na unapima kimefunguka milimita ngapi. Ukishapima huu mkono unapima na ule mwingine ambao haurushi, unalinganisha.

Hapo ndo msingi wa uzi huu. Kiwiko cha mrushaji kikipimwa peke yake, bila kuvutwa, bila kulinganishwa na mwenzake, ile ripoti inaweza kumpoteza mtu njia. Inaweza kumtisha mzima au kumtuliza mgonjwa. Nitaendelea, ulizeni.

---

BabaPitcha

Asante sana dada/kaka (sijui) kwa uzi, mzazi wa Texas ni mimi. Dogo ana miaka 14, anapitch (ndo anayemrushia mpigaji mpira) na akimaliza anawekwa keptcha (anayedaka nyuma ya mpigaji), mwaka mzima hapumziki maana kuna timu ya shule na kuna ile ya kulipia ya wikiendi. Kiwiko kinamuuma ndani siku ya pili yake. Eksirei wamesema safi. Ultrasaundi imepigwa jana, ripoti imeandikwa ligamenti "imenenepa" upande wa kulia. Mama yake hajalala, yeye tayari anaona upasuaji. Nielewesheni hii kunenepa ni kuumia?

---

Mpimaji wa Pwani

Dada, mkuu. Mwambie mama alale kwanza.

Kunenepa peke yake sio kuumia. Kuna utafiti wa Philadelphia, Ciccotti na wenzake, walitoa matokeo 2014, walikuwa wanawapima kwa ultrasaundi warushaji wa kulipwa WASIO NA MAUMIVU YOYOTE, miaka kumi mfululizo, watu 368. Mkono unaorusha ligamenti ilikuwa wastani wa milimita 6.15, mkono mwingine 4.82. Wakivutwa, kiungo cha mkono unaorusha kinafunguka mpaka 4.56 na kile kingine 3.72. Zaidi ya robo yao walikuwa na mabaka meusi ndani ya ligamenti ya mkono unaorusha na karibu robo walikuwa na vichembe vya chokaa. Hawa ni watu wazima kiafya, wanarusha kila wiki, wanalipwa kwa kurusha. Na nyuma yao 2003 Nazarian alishaona kitu hicho hicho kwa warushaji 26 wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani.

Maana yake mwili unaizoesha ligamenti mzigo, inanenepa, inalegea kidogo, inapata makovu. Ukichukua picha ya hivyo ukampa mtu asiyewahi kuona mrushaji atakuandikia imeharibika. Na kitu kingine kwenye utafiti ule, waliokuja kuumia baadaye picha zao za mwanzo hazikutofautiana vya kutosha na za wasioumia kiasi cha kuweza kusema huyu ataumia. Kwa hiyo picha mbaya haitabiri, na picha mbaya bila maumivu haitibiwi.

Ila dogo wako ana MAUMIVU, na ana miaka 14, hilo ni jambo jingine. Kwa umri huo kile kinundu bado hakijaungana na mfupa mkubwa, kuna gegedu la ukuaji katikati. Ligamenti inakuwa na nguvu kuliko gegedu, kwa hiyo ikivutwa kinachotangulia kuachia mara nyingi ni gegedu sio ligamenti. Eksirei ya upande mmoja inaweza kukosa ikiwa pengo ni dogo. Uliza hivi: walipiga picha za viwiko viwili? Kwenye ultrasaundi waliangalia kinundu chenyewe, ukingo wa mfupa umekaa sawa au umemeguka? Walivuta?

---

BabaPitcha

Hawakuvuta. Mkono mmoja tu. Dakika tano wamemaliza, nilikuwepo chumbani.

---

Jiwe la Msingi

Mleta mada nisamehe ila hapa naona unaipamba ultrasaundi. Mimi ni fizio nipo Dar. Kila mtu anajua ultrasaundi inategemea mkono wa anayepima, wapimaji wawili majibu mawili. MRI haina hilo. Mtu ana hela apige MRI yenye dawa ndani ya kiungo amalize, hii ya kuvuta vuta kiwiko kinachouma naiona kama kumuongezea mtu majeraha.

---

Mpimaji wa Pwani

Jiwe, hoja ya mkono wa mpimaji nakubali asilimia mia na nitaieleza hapa chini kwa sababu ndo inayoangusha watu. Lakini MRI sio mwisho wa maneno. Roedl na wenzake, Philadelphia hiyo hiyo, 2016, walichukua wachezaji besiboli 144 wenye maumivu ya ndani ya kiwiko wakawapiga vyote viwili, ultrasaundi ya kuvuta na MRI yenye dawa. Walichokuta ni kwamba tofauti ya milimita 1 kati ya viwiko viwili vikivutwa ndo mpaka mzuri wa kushuku ligamenti imechanika, na vipimo vyote viwili kwa pamoja vinampata mgonjwa vizuri kuliko kimoja peke yake. Hawakusema tupa MRI. Hawakusema tupa ultrasaundi.

MRI inaona vitu ambavyo mimi siwezi hata nikae siku nzima. Uvimbe ndani ya mfupa, nyufa za uchovu kwenye ncha ya kiwiko kwa nyuma, gegedu la ndani kabisa ya kiungo, mchaniko mdogo wa upande wa chini wa ligamenti pale inapojishika na ulna wakati juu inaonekana nzima. Mawimbi ya ultrasaundi hayapiti mfupa, mfupa ukisimama mbele nyuma yake ni kiza.

Kuhusu kuvuta, havutwi mtu mpaka apige kelele. Ukipima na yeye anasikia maumivu anakaza misuli, na akikaza misuli kiungo kinajifunga, unapima uongo. Kwa hiyo hata kwa maslahi ya kipimo chenyewe lazima awe ametulia. Mtu aliyeumia jana, kiwiko kimevimba na hakinyooki, mimi simvuti, naangalia tu kilichopo na tunampangia siku.

---

Kocha Nandi

Hii thread imenipata nikiwa na shida hiyo hiyo. Mimi ni kocha wa field events huku Nandi, niko na vijana wa mkuki. Tangu Julius Yego, Mkenya mwenzetu, ashinde mkuki mashindano ya dunia kule Beijing 2015 na ile mita 92.72, vijana wengi wa huku wanataka mkuki, zamani walikuwa wanakimbia tu. Sasa kijana wangu mmoja, 21, akirusha akasikia kitu imefanya "paa" ndani ya kiwiko, mkuki ukaanguka hapo karibu tu. Tukampeleka hospitali, sitaitaja, wakafanya ultrasound wakasema hakuna kitu, ni misuli, apewe dawa ya kupaka. Wiki sita zimeisha. Akirusha kwa asilimia 50 yuko sawa, akifika 80 anasema kiwiko kinateleza na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Daktari hii ni nini?

---

Mpimaji wa Pwani

Kocha, mimi mpimaji tu, daktari simfikii, na kwa maandishi siwezi kumpima kijana. Ila hayo uliyoyaandika, mlio, kisha nguvu kuisha hapo hapo, kisha kuwa sawa akirusha polepole na kufeli akiongeza nguvu, ndo hadithi ya ligamenti hii ilivyo, kwa hiyo msikubali ile ripoti kuwa ya mwisho. Nina maswali. Wakati wanampima mkono ulikuwa umenyooka au umekunjwa? Na walitumia probu gani (kile kichwa cha mashine kinachopitishwa kwenye ngozi), ile pana yenye mgongo wa duara au ile bapa?

---

Kocha Nandi

Ulikuwa umenyooka juu ya kitanda. Na probu ni ile ya round, ya tumbo. Nakumbuka kwa sababu kijana aliuliza kama anaangaliwa mimba.

---

Mpimaji wa Pwani

Basi hicho kipimo kwa swali hili ni kama hakikufanyika. Naandika kwa urefu kidogo maana na wengine watafaidika.

Probu ya tumbo ina mawimbi ya chini yanayoenda mbali, inafaa kuona ini na mtoto tumboni. Ligamenti hii iko sentimita moja, moja na nusu chini ya ngozi, na unene wake ni milimita chache. Inatakiwa probu bapa yenye mawimbi ya juu, megahezi 12 kwenda 18, hata 10 inasaidia kama ndo iliyopo. Na habari njema ni kwamba hospitali nyingi wanayo, ni ile wanayopimia goita, matiti na mishipa ya damu. Inakaa kwenye droo tu, haijaombwa.

Mkono ulionyooka: kiwiko kikinyooka kabisa ile ncha ya nyuma ya ulna inaingia kwenye shimo lake na kufunga kiungo. Mfupa unashika. Hata ligamenti ikiwa imekatika kabisa unavuta na kiungo hakifunguki. Ndo maana tunakunja nyuzi 30 hivi, ile ncha inatoka shimoni, inabaki ligamenti peke yake na kazi yake. Wengine wanakunja mpaka 90, wanafananisha na mkao wa kurusha wenyewe, yote yanakubalika, muhimu mikono yote miwili ipimwe kwa pembe ile ile.

Vidole viwili vya mwisho kufa ganzi: ni neva ya ulna, ile ukijigonga kiwiko unapata shoti mpaka kidole kidogo. Inapita nyuma ya kile kinundu. Kiungo kikilegea inavutwa, na kuna watu ambao wakikunja mkono inaruka kabisa kutoka kwenye mfereji wake inapanda juu ya kinundu na kurudi. Hicho nacho MRI ya mtu aliyelala tuli inaweza isikione, ultrasaundi unaweka probu hapo unamwambia kunja taratibu, unaiona neva inavyoteleza. Mwombe aiangalie.

---

Radiografa Mkoani

Naweka kambi hapa. Dada mimi napiga ultrasaundi hospitali moja ya mkoa Tanzania, probu bapa tunayo kama ulivyosema, ya matiti na tezi. Hao wazungu kwenye makala zao wanatumia mashine ya kuvutia mkono, sisi hatuna na hatutakuwa nayo. Naweza kufanya kwa mikono? Na picha ya kawaida inatakiwa ionekaneje, maana vitabu vyetu vya chuo kiwiko ni ukurasa mmoja.

---

Mpimaji wa Pwani

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu mkuu wangu. Ile mashine inaitwa Telos, inasukuma kwa nguvu inayojulikana, kwenye tafiti nyingi nyutoni 150. Faida yake ni kwamba kila mtu anasukumwa sawa. Bila hiyo unafanya hivi.

Mlaze chali, asogee ukingoni mwa kitanda upande wa mkono unaopima. Mkono utoke pembeni, bega limefunguka, kiganja juu, kiwiko kimekunjwa nyuzi 30, mkono wa chini unaning'inia nje ya kitanda. Chini ya mkono wa juu, karibu na kiwiko, weka taulo lililokunjwa. Hapo uzito wa mkono wake mwenyewe umeshaanza kuvuta kidogo. Anayesaidia, nesi au fizio, anashika mkono wa juu asiuache uzunguke, na mkono mwingine anashika karibu na kifundo anasukuma kwenda chini sakafuni, polepole, anashikilia. Mtu mmoja huyo huyo asukume pande zote mbili. Ukibadilisha msaidizi katikati umeshaharibu.

Probu unaiweka kwa urefu, ncha ya juu juu ya kinundu, ncha ya chini kwenye ulna. Jeli nyingi, usikandamize. Utafute kwanza mifupa, usikimbilie ligamenti: upande wa juu mteremko wa kinundu, katikati bonde la kiungo, upande wa chini kilima kidogo cha ulna ambako ligamenti inajishika. Hivi vitatu vikionekana vikali kwa pamoja uko mahali pake. Juu utaona misuli na kano yake, chini yake ndo ligamenti, mkanda mweupe wenye mistari mistari, nyuzi za katani zilizopangwa, umeanza mpana kwenye kinundu unasinyaa kuelekea ulna.

Sasa pa kuangukia. Nyuzi za ligamenti zinarudisha mawimbi vizuri pale tu probu imekaa sambamba nazo. Ukiinamisha probu digrii chache tu, ligamenti nzima kabisa inageuka nyeusi. Hapo ndo wapimaji wengi wanaandika "imechanika". Ukiona weusi, tikisa probu kidogo mbele nyuma, weusi ukiondoka hakuna kitu, ukibaki kila pembe ndo uanze kufikiri. Na pale inapoanzia kwenye kinundu kuna mafuta kidogo katikati, kwa kawaida ni kijivu, usiyaandike mchaniko.

Kupima: chagua pembe mbili za mifupa zilizo kali, moja ya mfupa wa juu moja ya ulna, pima umbali akiwa amepumzika, pima tena akivutwa, hifadhi picha zote mbili. Rudia mara tatu uchukue wastani. Hamia mkono mwingine, pembe zile zile. Kisha unalinganisha kile KILICHOONGEZEKA kila upande. Mtu kama kiwiko chake kizima kinaongezeka milimita 1 na kibovu milimita 2.5, una kitu cha kumwambia daktari. Kama vyote vinaongezeka sana na kwa usawa, mara nyingi huyo ni mlegevu wa viungo wa kuzaliwa, wapo wengi, sio mgonjwa.

Na ripoti iseme mkono gani unarusha. Utashangaa ripoti ngapi hazisemi.

---

Jiwe la Msingi

Dada hapo nimekuelewa, na hilo la msaidizi mmoja sikuwa nalijua. Naongezea kwa upande wetu wa fizio: kabla hata ya kipimo kuna ile tunayofanya kwa mkono, unamkunja kiwiko hadi mwisho, unakivuta kwa ndani huku unakinyoosha haraka, maumivu yakitokea kati ya nyuzi 120 na 70 unashuku ligamenti hii. O'Driscoll aliieleza 2005. Haihitaji umeme wala hela. Kama hiyo ni safi na mtu hana historia ya kurusha, kumpeleka ultrasaundi ya kuvuta ni kumpotezea muda.

---

Mpimaji wa Pwani

Sawa kabisa Jiwe, kipimo cha mkono kitangulie siku zote. Na mtu akikunjisha ngumi dhidi ya mkono wako akaumia pale pale, inaweza kuwa misuli iliyo juu ya ligamenti, na hiyo nayo ultrasaundi inaona.

---

Golikipa wa Unguja

Na sisi wa handiboli? Mimi golikipa, kiwiko kinauma ndani ila sirushi sana, nadaka tu.

---

Mpimaji wa Pwani

Golikipa wa handiboli ana lake, mpira unampiga kwenye mkono ulionyooka na kiwiko kinarudishwa nyuma kupita mwisho wake, tena na tena. Wanorwe wameliandika sana hili. Mara nyingi yanaumia ya mbele ya kiungo pamoja na hiyo ya ndani, na mara nyingi viwiko vyote viwili, kwa hiyo kwako ule mlinganisho wa kushoto na kulia hauna nguvu sana maana vyote vinapigwa. Mwambie anayekupima unacheza nafasi gani.

---

BabaPitcha

Nimerudi. Tumeenda kwa daktari mwingine, wamepima mikono yote, wamevuta. Ligamenti nzima, tofauti ya kufunguka ni ndogo. Ila kile kinundu cha kulia gegedu limeachana zaidi kuliko la kushoto na ukingo umevimba. Kasema hakuna upasuaji, asirushe kabisa miezi mitatu halafu tuanze upya. Kocha wa timu ya wikiendi ananiambia wiki mbili zinatosha, kuna mashindano.

---

Mpimaji wa Pwani

Msikilize daktari. Kocha wa wikiendi hataishi na kiwiko hicho.

Mkuu huku tunakoishi hili ni janga la watoto na nalisema kwa uchungu kwa sababu nawaona kitandani. Utafiti uliotoka 2015 uliangalia upasuaji wa ligamenti hii Marekani kati ya 2007 na 2011, zaidi ya nusu walikuwa na miaka 15 hadi 19. Sio wa kulipwa, ni wanafunzi. Na 2006 Olsen na Fleisig walilinganisha vijana waliopasuliwa na wasiopasuliwa: anayerusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka hatari yake ilikuwa mara 5, zaidi ya mipira 80 kwa mechi mara 4, na anayeendelea kurusha akiwa amechoka mara 36. Ndo yale ya misuli kuchoka niliyosema mwanzo. Ligi kuu yenyewe ilitoa mwongozo 2014, mtoto wa miaka 13 na 14 asizidi mipira 95 kwa siku na apumzike siku kadhaa baada ya hapo, lakini timu mbili zikimgawana hakuna anayejumlisha. Jumlisha wewe. Na akitoka kupitch asiwekwe keptcha, hapo hajapumzika, anaendelea kurusha.

Wajapani wako mbele sana kwenye hili. Kule Tokushima wanapeleka ultrasaundi za kubeba mkononi uwanjani kabisa, watoto wanapanga mstari na sare zao, wanaangaliwa viwiko kabla hawajaanza kulalamika. Wanachotafuta zaidi ni upande wa nje wa kiwiko, pale gegedu na mfupa vinapoanza kumeguka bila maumivu, maana ikigunduliwa mapema mtoto anapumzishwa tu na mara nyingi inapona, ikichelewa ni upasuaji.

---

Radiografa Mkoani

Hapa Dar Wajapani wameleta besiboli mashuleni, Azania wana uwanja. Siku moja tungefanya hivyo na sisi, mashine za kubeba zipo siku hizi.

---

Kocha Nandi

Mimi kesho kutwa naenda na kijana Eldoret, nimepata mtu mwenye ile probu bapa. Dada niandikie tu kile nitampatia, nisianze kuongea mambo ya nyuzi na milimita nikachanganya. Na kama imekatika kweli, maisha ya mkuki yameisha?

---

Mpimaji wa Pwani

Hayajaisha kocha. Ikiwa imechanika nusu wengi wanaanza na mapumziko na kuimarisha misuli ya mkono wa chini, bega na kiuno, kisha wanarudi hatua kwa hatua. Ikiwa imekatika kabisa na anataka kurudi juu, kuna kupandikiza kano kama alivyofanya Jobe, na siku hizi kuna wanaoishona yenyewe na kuitegemeza kwa mkanda wa nyuzi za kutengenezwa ikiwa imekatika vizuri mwishoni. Kurudi kurusha kwa ushindani baada ya kupandikiza ni mwaka na zaidi, sio miezi. Na Neeraj Chopra, mrusha mkuki wa India, alipasuliwa kiwiko 2019, tatizo lake lilikuwa tofauti, ila 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki. Mpaka mjue majibu kijana asirushe hata mara moja, hata ile ya asilimia 50.

Nakili hii umpe daktari aandike kwenye fomu:

"Mrusha mkuki, miaka 21, anarusha kwa mkono wa (andika). Alisikia mlio ndani ya kiwiko wiki sita zilizopita, kiwiko hakina uthabiti akirusha kwa nguvu, ganzi kidole cha nne na cha tano. Naomba ultrasaundi ya upande wa ndani wa viwiko VYOTE VIWILI kwa probu bapa, kiwiko kikiwa nyuzi 30, kikiwa kimepumzika na kikivutwa, upimaji wa kiungo kwa milimita pande zote. Tafadhali angalia pia misuli inayoanzia kwenye kinundu cha ndani na neva ya ulna wakati wa kukunja. Eksirei ya viwiko vyote viwili."

Mwambie asitumie dawa kali ya maumivu asubuhi hiyo kama anaweza kuvumilia, maana ni muhimu aseme panauma wapi akivutwa. Na avae singlendi, mikono ya shati inasumbua sana.

---

Kocha Nandi

Nimeprint. Anarusha na kulia. Nitaleta picha zote hapa, za pande mbili.